Karanga za Abbo Mjini Osaka

Mimi pombe sinywi, mke wangu Hajara ni shahidi, lakini hadithi za wanywaji nimezisikia nyingi kuliko wanavyozikumbuka wenyewe. Lori ndilo lililonifikisha huko. Kila msimu wa pamba nilitoka kwetu Busia na Bedford langu, nikapita Tororo, nikaingia Nagongera kubeba magunia ya wakulima hadi kiwandani, kule pamba inakotenganishwa na mbegu. Aliyesimamia upakiaji kwa niaba ya wakulima alikuwa Owor, mtu wa kabila la Wapadhola. Ukifanya kazi na Mpadhola, siku lazima iishie nyumbani kwake, na nyumbani kwake lazima kuna chungu cha pombe ya wimbi, yaani ulezi. Wao hukizunguka na mirija yao mirefu, mimi huletewa chai. Hivyo ndivyo nilivyomjua Owor, na hivyo ndivyo nilivyomjua mama yake, Abbo.

Owor hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa na shamba la pamba, wimbi kidogo, ng'ombe wa kulimia, mke aliyeitwa Loy ambaye alimshinda kwa maneno, na tabia ya kufikiri mpaka unatamani kumsukuma. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, ataitazama mbingu mpaka mvua yenyewe ikujibu. Wakulima walimchagua mwenyekiti wa chama chao cha ushirika kwa sababu alijua kunywa na bado akarudi nyumbani kwa njia ileile aliyojia. Mwenyekiti aliyemtangulia hakuwa na kipaji hicho.

Mwaka wa 1961, Uhuru ukiwa umekaribia lakini bendera ya Mwingereza bado ikipepea pale kwa DC, habari zilikuja kwamba wenye viwanda vya nguo vya Osaka, huko Japani, wanaonunua pamba ya sehemu zetu, wanamwalika mkulima mmoja aende akaone pamba yake inakuwa nini. Angesafiri pamoja na afisa Mzungu wa ushirika. Wakulima walipiga kura mbele ya ghala, jina la Owor likapita. Watu walifurahi, wakamshika mkono, wakamwomba awaletee vitambaa. Aliyenyamaza alikuwa Abbo peke yake, na kila mtu pale alijua kwa nini.

Owor alikuwa na kaka, Okochi, kifungua mimba wa Abbo. Wakati wa vita vya Wazungu Okochi aliingia KAR, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, na huko akabaki. Hakuna aliyeleta mwili. Aliyeleta habari ni askari mwenzake, Mteso mmoja jina lake Etyang, ambaye vita vilipokwisha alitembea kwa miguu mpaka Nagongera kwa sababu aliahidi. Alichoweza kusema ni kwamba walikuwa katika bonde la mvua isiyokatika, risasi ikatoka mtini, wakamzika Okochi palepale na kuendelea na safari. Abbo alimpa Etyang chakula, akamshukuru, kisha akaingia ndani akauchukua mrija wake wa pombe na kuuchomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango. Tangu siku hiyo hakunywa tena kwenye chungu.

Wazee walimshauri wafanye kama inavyofanywa mtu akipotea: wazike mgomba badala ya mwili, matanga yaanuliwe, mama apumzike. Abbo aliwajibu, "Mimi sikuzaa mgomba." Wazee wakaondoka. Kwa hiyo matanga ya Okochi hayakuanuliwa, na mrija ukakaa pale juu ukipigwa na moshi miaka yote hiyo. Kila nilipoinama kuingia mlangoni niliuona.

Na kuna jambo jingine, ambalo sisi watu wa mjini tunalisahau upesi. Kwao, mtu aliyemwaga damu ya ndugu yako huli naye wala hunywi naye. Mpaka wazee wa pande zote mbili wakae, kondoo achinjwe, na mkosaji aonje chakula cha waliofiwa. Ukila kabla ya hapo, umekula pamoja na kifo, na kifo unakirudisha nyumbani. Vita vya serikali havina wazee wa kukaa. Mwingereza na Mjapani walipatana huko kwao, lakini hakuna aliyekuja Nagongera na kondoo.

Siku ya safari nilikwenda kumchukua Owor nimpeleke stesheni ya Tororo. Nilimkuta amesimama mbele ya mama yake, kavaa koti jipya. Abbo alikuwa ameketi mlangoni na furushi mapajani. Alisema naye kwa lugha yao, ambayo mimi naielewa baada ya kubeba magunia yao miaka mingi.

"Nenda," alimwambia. "Sikuzuii, watu wamekuchagua. Lakini ukila mkononi mwao, usirudi kula mkononi mwangu. Nimebaki na wewe tu. Sitaki kukulisha kifo cha kaka yako."

"Nimesikia, Mama."

Akampa furushi. Ndani kulikuwa na karanga za kukaanga, ufuta uliotwangwa, na viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtu anakwenda mwisho wa dunia na viazi vikavu. Mimi nilitaka kucheka, kisha nikautazama uso wa yule mama, kicheko kikarudi kilikotoka.

Garini nilimwuliza kwa Kiswahili chetu cha barabarani, "Sasa wewe nakwenda kaa kwa watu wiki nzima na hapana kula chakula yao?"

"Mimi iko na viazi," akasema.

"Na hao watu nafikiri nini?"

Alifikiri kutoka Nagongera mpaka Mwamba wa Tororo ulipoonekana. "Mimi hapana jua," akasema hatimaye.

Yanayofuata ameyasimulia Owor mara nyingi kwenye chungu, na mimi peke yangu niliyasikia nikiwa na chai, kwa hiyo mkisikia mtu anayasimulia vingine, niaminini mimi.

Ndani ya ndege alikula bila wasiwasi. Kile kilikuwa chakula cha Mwingereza, na Mwingereza hakumpiga risasi Okochi, alimpeleka tu kwenye risasi. Walipofika Osaka afisa wa ushirika alialikwa na Wazungu wenzake, akaenda zake. Owor aliachwa hotelini akitafuna viazi. Jioni mlango uligongwa, na mzee mmoja Mjapani, mwembamba, mwenye miwani, akainama mbele yake na kusema, "Jambo Bwana Owor. Habari ya safari? Pamba nzuri?"

Owor alikaribia kuanguka. Mzee huyu aliitwa Hirano. Kabla ya vita alikuwa Jinja akinunua pamba kwa ajili ya watu wake, mpaka vita vilipoanza Mwingereza akamfunga na kumrudisha kwao. Kiswahili chake alikipata kwa Wahindi wa madukani na madereva wa malori, watu kama mimi, na kilikuwa kimelala kama nguo sandukuni, kina mikunjo lakini hakijatoboka. Aliitwa kazini siku hiyo kwa sababu hiyo tu. Owor alimpenda palepale, jambo lililomtia hofu zaidi.

"Leo wakubwa ya kiwanda nataka kula na wewe," Hirano alisema. "Karamu. Twende."

Owor aliweka karanga mfukoni mwa koti, akaenda.

Ilikuwa nyumba ya mbao kando ya mfereji, taa za karatasi zimening'inia mlangoni. Kwanza akaambiwa avue viatu. Loy alikuwa amemshonea soksi vidoleni kwa uzi mwekundu, na uzi ule mwekundu uliingia katika karamu kabla yake. Ndani hapakuwa na kiti hata kimoja. Chumba kizima kilitandikwa mikeka minene, safi, inanukia majani makavu, na wakubwa wa kiwanda, watu wazima wenye tai, walikuwa wamekaa chini wamekunja magoti. Kwao Owor mkeka ni wa wanawake na watoto. Mwanamume ana kigoda chake. Alijua sasa anakaa kama Loy anavyokaa akipepeta wimbi, na alimshukuru Mungu kwamba Loy hayupo. Miguu ilimwuma upesi akaelewa kwa nini wanawake hupenda kuinuka kufuata maji.

Mama aliyeleta chakula alipiga magoti kila alipoweka kitu. Hilo Owor alilijua, hata mama wa kwao angefanya hivyo. Akaleta samaki waliokatwa vipande, wabichi kabisa, wekundu na weupe. Akaleta wali, mchuzi katika vibakuli ambavyo watu hunywea mdomoni kama sisi na kibuyu cha uji, na vijiti viwili badala ya vidole. Kisha akaleta pombe katika vichupa vya udongo, na mvuke ulikuwa ukitoka.

Pombe ya moto. Ninyi msiojua, pombe ya wimbi hunywewa hivyo: maji ya moto humiminwa chunguni, ndipo watu huvuta kwa mirija. Tangu atoke nyumbani kila alichoonyeshwa kilikuwa kigeni, na sasa hawa watu, hawa kati ya watu wote, walikuwa na pombe ya moto. Tena aliona hakuna anayejimiminia. Kila mmoja alimtazama jirani, kikombe kikipungua akakijaza, kama mwenye chungu anavyoangalia wageni wake wasikose maji. Aliniambia kwamba hapo alimkumbuka Okochi sana, kwa sababu Okochi ndiye aliyekuwa akimwita kumwagia wazee maji, na ndiye aliyemwonjesha pombe kwa siri akiwa mtoto. Aliona uchungu, akaona na aibu ya kutamani kunywa.

Hirano alishika kichupa kummiminia. Owor akafunika kikombe kwa kiganja.

"Kwa nini hapana?" Hirano aliuliza.

"Tumbo," Owor alisema.

Hirano akawaeleza wakubwa. Wakasikitika, wakamwita yule mama, na baada ya muda mfupi akaletewa uji mwembamba wa mchele kwa ajili ya tumbo. Owor akautazama uji. Akasema dini yake inamtaka afunge. Wakasikitika tena, wakaondoa samaki, wakaleta matunda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuwa anawatia wenyeji ugonjwa. Na jambo lililomtesa zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa anakula. Kwao mgeni wa heshima asipoanza, hakuna anayeanza. Watu wazima wote wale walikaa mbele ya chakula chao mikono mapajani, wanatabasamu, na matumbo yao yalikuwa yakisikika.

Kwa fadhaa mkono wa Owor ukaingia mfukoni wenyewe, kama mkono wa mtu anayetafuta leso. Ukatoka na karanga, zikaingia mdomoni. Alitafuna mara moja tu akagundua kwamba chumba kizima kinamtazama.

"Hiyo nini?" Hirano aliuliza.

"Karanga," Owor alijibu. "Ya mama."

Hirano akatafsiri. Mkubwa kuliko wote, mzee mwenye upara aliyekaa katikati, akasogea kwa magoti yake, akanyoosha mikono miwili pamoja na kuinamisha kichwa. Alitaka kuonja.

Hapo ndipo mtu wa kufikiri sana alipokosa nafasi ya kufikiri. Abbo alimkataza kula chao. Hakusema lolote kuhusu wao kula chake. Na kwao, kumnyima mtu aliyenyoosha mikono miwili ni ubaya mkubwa. Owor akamhesabia karanga kiganjani. Yule mzee akazitafuna polepole, akasema kitu, na wote wakasogea, kila mmoja na viganja vyake. Karanga za Abbo zikazunguka chumba kizima. Wa mwisho alikuwa Hirano. Yeye alizinusa kwanza, akafumba macho.

"Jinja," akasema. "Mama moja nauza hii kwa mlango ya ofisi." Akala, kisha akakaa karibu na Owor, akashusha sauti. "Sasa hapana tumbo, hapana dini. Sema kweli."

Owor akamwambia. Alimwambia Okochi ni nani, alikufa wapi, na mama alisema nini mlangoni. Alisema vibaya, maneno yakimtoka moja moja, akitazama mkeka. Wakubwa waliuliza anasema nini. Hirano aliinua mkono wasubiri.

"Mimi iko na mtoto moja," Hirano alisema. "Shigeru. Burma pia. Serikali naleta sanduku, nyeupe, nasema hii mifupa yake. Mimi nafungua." Akafungua kiganja. "Jiwe. Jiwe moja tu. Mke yangu nasema, mimi hapana zaa jiwe."

Owor alimshika mzee mkono akamweleza habari za mgomba, na maneno ya mama yake. Hirano alicheka, machozi yakimtoka, yule mama wa chakula akabaki na sinia mkononi hajui aweke wapi. Walikuwa wawili tu wanaojua kinachoendelea, na wengine wote walikuwa na njaa.

Kisha Owor akafikiri. Mnamjua anavyofikiri. Chakula kilipoa. Nani alimpiga nani katika lile bonde, hakuna atakayejua. Huenda Shigeru alikuwa juu ya ule mti, huenda alikufa mwezi mmoja kabla, mbali kabisa. Lakini kwao damu ikimwagika pande zote mbili, si mmoja anayemsamehe mwingine, ni wote wawili wenye msiba. Wazee hawakuwapo, ila Hirano alikuwa mzee. Kondoo hakuwapo. Karanga zilikuwapo, na zilikuwa zimekwisha kuliwa. Alijua pia kwamba huenda mama yake asiyahesabu haya yote kuwa kitu, na kwamba akinywa kikombe kile huenda amejifungia mlango wa mama yake mwenyewe. Aliniambia, "Hamuza, mimi naogopa mpaka vidole nalala."

Akainua kikombe chake kitupu. Hirano akakijaza.

Na hapa ndipo Owor alipofanya kosa ambalo mtu wa Busia hawezi kulifanya, wala wa Kampala, ila mtu aliyekulia kwenye chungu. Kwao tone la kwanza ni la waliotangulia, na sakafu ya nyumba ni udongo. Unamwaga, udongo unakunywa, yamekwisha. Akataja jina la kaka yake kwa sauti, akainamisha kikombe, na pombe yote ikamwagika juu ya ule mkeka mweupe usiokanyagwa hata kwa soksi chafu.

Wakubwa walirudi nyuma. Yule mama alikuja mbio na kitambaa. Hirano akamzuia mkono.

"Nini hii?" akamwuliza Owor.

"Yeye kwanza," Owor alisema. "Halafu sisi."

Hirano alitazama doa likitanuka. Akajimiminia mwenyewe, jambo ambalo pale hakuna afanyaye, akasema, "Shigeru," akamwaga palepale juu ya doa. Yule mama alisema maneno fulani ambayo mpaka leo Hirano hajayatafsiri. Mkeka nasikia ulibadilishwa wote.

Hirano akakijaza tena kikombe, ndipo Owor akanywa, samaki wakarudishwa mbele yake, akala. Wakubwa nao wakaanza, kwa kasi, maana njaa haisubiri maelezo. Hirano aliwaeleza wakiwa wanatafuna, na mmoja baada ya mwingine wakaweka vijiti chini, wakainamisha vichwa, wakavishika tena. Samaki mbichi, Owor anasema, ni kama kutafuna ulimi wako mwenyewe. Alimaliza vyote. Mzee mwenye upara aliimba. Owor akaimba wimbo wa palizi, wakampigia makofi bila kujua kwamba ni wimbo wa kumsema shemeji mvivu.

Alirudi na vitambaa na koti limekunjamana. Nilimpokea stesheni Tororo, akanisimulia yote haya kabla hatujafika Nagongera, na mimi nikakasirika.

"Wewe sema hapana kula," nikamwambia. "Sema umekula viazi. Nani atajua? Mzungu hakuwako. Hirano iko Japani."

"Mama hapana jua," alikubali.

"Basi."

"Okochi atajua. Yeye alikunywa pale."

Nilimwambia ana kichwa kigumu. Mimi ni mtu wa barabara, nimevuka mpaka mara nyingi kwa neno dogo lisilo la kweli, na Mungu ananijua. Lakini wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na huyu mtu alikuwa anajibu kwa mzaliwa naye.

Abbo alikuwa ameketi palepale mlangoni, utadhani hakuondoka tangu tumwache. Pembeni yake palikuwa na kikapu kimefunikwa. Harufu ya kuku wa karanga ilitupokea tangu barabarani. Loy alisimama mbali, kimya, na Loy hakuwa mtu wa kimya. Owor hakukaa. Mama yake hakumpa mkono.

"Ulikula?" Abbo aliuliza.

"Nilikula, Mama. Na nilikunywa."

Abbo akakivuta kikapu, akakiweka nyuma yake, ndani ya kizingiti. Mimi nilitazama matairi yangu. Nasema wazi, nilimwonea huruma Owor mpaka nikamchukia yule mama, na papo hapo nikaona kwamba ameinua macho kwenye ule mrija.

Owor alimsimulia wima, bila kuficha wala kupamba: miguu iliyouma, uji wa tumbo, uongo wa dini, mkono ulioingia mfukoni. Akaendelea mpaka sanduku la jiwe na vikombe vilivyomwagwa, ndipo mama akamrudisha kwenye karanga.

"Karanga zangu?"

"Zako."

"Walikula?"

"Walikula wote."

"Wewe ulikuwa umeshagusa chao?"

"Nilikuwa sijagusa hata maji."

"Aliyefiwa na mwanawe, naye alikula?"

"Alikula wa mwisho. Alinusa kwanza."

Kisha Abbo akataka kusikia tena habari za sanduku, na Owor akamweleza tena, na alipofika kwa mke wa Hirano aliyesema hakuzaa jiwe, Abbo aligeuza uso akatazama shamba la wimbi.

"Yule mama amesema kweli," Abbo alisema.

Akaingiza mkono nyuma yake, akakitoa kikapu, akakifunua. Akamega ugali wa wimbi kwa vidole vyake mwenyewe, akauchovya.

"Hukula mkononi mwao," akamwambia mwanawe. "Ni wao waliokuja kula kwangu, wakakurudishia sahani. Njoo ule."

Owor alipiga magoti kwenye vumbi, na koti lake, akala mkononi mwa mama yake. Loy alilia kwa sauti, kisha akanigombeza mimi kwa kusimamisha lori juu ya mihogo yake.

Wiki hiyo waliloweka wimbi. Pombe ilipokuwa tayari watu walikuja kuanua matanga ya Okochi, toka Bulumbi, toka Tororo, na Etyang mwenyewe akaja, sasa akitembea kwa mkongojo. Hapakuzikwa mgomba wala kitu. Chungu kiliwekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa, na mimi nikapewa chai yangu. Abbo akasimama kwenye kigoda, akauchomoa mrija wake kutoka kwenye nyasi za paa. Ulikuwa mweusi kwa masizi. Akaupuliza, akausuuza, akaupuliza tena mpaka pumzi ikapita.

Aliketi mahali pake kwenye chungu, pale ambapo wote walikuwa wameacha nafasi. Akachota pombe kwa kata ndogo, akasema, "Okochi," akamwaga kwenye udongo. Watu wakashika mirija yao. Lakini Abbo hakuinua wake. Alichota tena, akamgeukia Owor akamwuliza jina la yule mwingine ni nani. Owor akamwambia. Abbo alijaribu mara mbili kulitamka, ulimi ukamkatalia.

"Haidhuru," akasema, akamwaga. "Na wewe, mtoto wa mama wa jiwe. Kunyweni."